Lambo dogo la udongo: Hatari yake haipimwi kwa ukubwa wa tuta

WAKAZI wa Kasingirima na wa kata nyingine za Manispaa ya Kigoma Ujiji wamezoea kuitazama hatari ya maji kutoka upande wa ziwa. Ziwa Tanganyika lilipofurika mwaka 2020 na 2021, na tena mwaka 2024, maji yalizifuata nyumba, mialo na barabara za ufukweni. Hata hivyo yalipanda polepole, na wengi walipata siku za kuyaona yakija na kuhamisha walichoweza kuhamisha.

Ipo hatari nyingine ya maji isiyotoa nafasi hiyo, nayo hushuka kutoka juu. Ni ya lambo la udongo ambalo mtu binafsi, taasisi au kampuni imelichimba katika bonde kwa ajili ya mifugo, umwagiliaji au ufugaji wa samaki. Katika mkoa wenye vilima vinavyoteremka hadi ziwani na mvua za tangu Oktoba hadi Mei, lambo la namna hiyo ni neema kubwa wakati wa kiangazi. Lakini kila lambo ni ghala la maji yaliyozuiwa kwenda yanakotaka kwenda, na kinachoyazuia ni udongo.

Wahandisi wa usalama wa mabwawa wanapolifikia lambo, jambo la kwanza wanalotaka kujua ni hili: tuta likibomoka usiku wa leo, maji yatamkuta nani? Jibu la swali hilo ndilo linaloitwa daraja la hatari. Wenye malambo wengi hawalijui daraja la malambo yao, na wanaoishi chini ya malambo hayo hawalijui pia.

Udogo unaodanganya

Duniani hakuna kipimo kimoja cha bwawa dogo. Tume ya Kimataifa ya Mabwawa Makubwa huhesabu kuwa kubwa bwawa lenye ukuta wa kimo cha mita 15 au zaidi, au lenye ukuta wa mita 5 hadi 15 iwapo linahifadhi zaidi ya mita za ujazo milioni 3. Yaliyo chini ya hapo huhesabiwa kuwa madogo, na ndiyo mengi kupita yote.

Afrika Kusini, ambayo ina mojawapo ya taratibu zilizokamilika zaidi barani, huanza kulisimamia bwawa kwa ajili ya usalama linapokuwa na ukuta unaozidi mita 5 na uwezo wa kuhifadhi zaidi ya mita za ujazo 50,000, ingawa waziri anaweza kulitangaza bwawa dogo zaidi kuwa la hatari. Nchini Uingereza, England huanzia mita za ujazo 25,000, ilhali Wales ilishusha kiwango hicho hadi 10,000 mwaka 2016.

Tofauti hizo zinaonyesha kwamba mpaka kati ya bwawa la kusimamiwa na lambo la kuachwa huwekwa na watunga sheria, na kila nchi huuweka inapoona inafaa. Maji yenyewe hayaujui mpaka huo.

Mfano rahisi wa hesabu unasaidia. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, katika mwongozo wake wa mabwawa madogo ya udongo, linatoa kanuni ya kukadiria ujazo: zidisha urefu wa eneo lenye maji, upana wake kwenye tuta, na kina cha juu kabisa, kisha gawanya kwa 6. Chukua lambo ambalo maji yake yanarudi nyuma mita 200, lina upana wa mita 100 kwenye tuta na kina cha mita 5. Ujazo wake unakaribia mita za ujazo 16,700. Kwa kuwa mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja, hizo ni tani 16,700.

Lambo hilo likimwagika lote kwa nusu saa, wastani wa maji yanayotoka ni sawa na gari la maji la lita 10,000 kumwagwa karibu kila sekunde, mfululizo, kwa dakika 30. Huo ni wastani tu. Katika dakika ambazo pengo linapanuka, maji huwa mengi zaidi ya hapo. Lambo la kiasi hicho lingesimamiwa kisheria Wales, na lisingefikia kiwango cha kawaida cha England wala cha Afrika Kusini.

Madaraja matatu

Utaratibu uliozoeleka zaidi hugawa mabwawa katika madaraja matatu: hatari ndogo, hatari ya kati na hatari kubwa. Nchini Marekani, bwawa huwa la hatari ndogo ikiwa kubomoka kwake hakutarajiwi kuua mtu, na hasara itaishia zaidi kwa mwenye mali. Huwa la hatari ya kati ikiwa vifo havitarajiwi lakini barabara, mitambo, mazingira au mali za wengine zitaharibika. Huwa la hatari kubwa pale ambapo kifo cha mtu hata mmoja kinatarajiwa.

Afrika Kusini hutumia idadi. Pasipotarajiwa kifo, hatari ni ndogo. Vikitarajiwa vifo visivyozidi 10, hatari ni ya kati. Vikizidi 10, hatari ni kubwa. Kisha hatari hiyo huunganishwa na kimo cha ukuta ili kupata kundi la bwawa. Bwawa la kimo kidogo, yaani kisichofika mita 12, likiwa na watu wengi chini yake, huwekwa kundi moja na bwawa la kimo cha kati lisilo na mtu chini yake.

Baadhi ya kanuni zilipima ukubwa peke yake. Kanuni za Kenya za usimamizi wa rasilimali za maji za mwaka 2007 zilitenga mabwawa katika madaraja A, B na C kwa kuangalia kina cha maji, ujazo, na ukubwa wa eneo linaloleta maji. Bwawa la kina kisichofika mita 5 na ujazo usiozidi mita 100,000 liliangukia daraja la hatari ndogo. Kipimo hicho ni chepesi kutumia, lakini hakimwulizi mtu wa chini yuko wapi.

Jambo linalochanganya wengi ni kwamba daraja la hatari halisemi lolote kuhusu ubora wa tuta. Bwawa jipya, lililojengwa kwa ustadi na kukaguliwa kila mwaka, linaweza kuwa la hatari kubwa kwa sababu tu mji uko chini yake. Bwawa bovu lililopasuka linaweza kuwa la hatari ndogo kwa sababu chini yake kuna pori. Dumu la petroli lililofungwa vizuri halivuji, lakini aliyeliweka chini ya kitanda ana sababu ya kulichunga kuliko aliyeliweka shambani. Daraja husema bwawa linastahili kuchungwa kiasi gani, na ukaguzi husema kama kweli linachungwa.

Kwa hiyo daraja huzaa wajibu. Kadiri linavyopanda, ndivyo njia ya maji ya ziada inavyotakiwa kumudu mafuriko makubwa zaidi, ukaguzi wa mhandisi kuwa wa mara kwa mara zaidi, na mpango wa kuwahamisha watu kuandikwa na kufanyiwa mazoezi.

Usiku wa Solai

Afrika Mashariki ina kumbukumbu chungu ya jambo hili. Usiku wa Mei 9, 2018, baada ya wiki nyingi za mvua kubwa, tuta la bwawa linalojulikana kwa jina la Patel lilibomoka Solai, Kaunti ya Nakuru nchini Kenya. Lilikuwa bwawa la udongo ndani ya shamba kubwa la biashara la mtu binafsi. Maji yaliteremka gizani juu ya makazi ya watu, yakafagia nyumba na kuharibu shule. Watu 48 walikufa, wengi wao wakiwa wanawake na watoto.

Shamba hilo lilikuwa na mabwawa mengine pia, na Serikali iliamuru maji yake yapunguzwe kwa hofu kwamba yangefuata. Bunge la Seneti liliunda kamati maalumu ya uchunguzi. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma alieleza kuwa uchunguzi wa awali ulionyesha mabwawa hayo yalijengwa kinyume cha sheria, na Julai 2018 watu 9, wakiwamo wa upande wa shamba na maofisa wa umma, walishtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Mashtaka hayo waliyakana. Februari 2020 mahakama iliwaachia kwa kuwa upande wa mashtaka ulishindwa kuendelea, na baadaye mwaka huo Mahakama Kuu iliamuru kesi irudishwe.

Mtu anayeitazama Solai kwa macho ya daraja la hatari anaona mambo matatu. Kwanza, mabwawa yalikuwa juu ya mteremko na watu chini yake. Pili, watu hao hawakuwa na king'ora wala mjumbe wa kuwaamsha. Tatu, tukio lilitokea usiku. Mhandisi Wayne Graham wa Idara ya Uendelezaji Maji ya Marekani, aliyechambua mikasa mingi ya mabwawa katika kazi yake ya mwaka 1999, alionyesha kwamba idadi ya vifo hutegemea sana muda wa tahadhari waliopata watu, na kama waliielewa hatari waliyoambiwa. Tahadhari ya saa moja na nusu huokoa karibu wote. Penye dakika chache au pasipo tahadhari kabisa, hata lambo dogo huua.

Miaka 6 baadaye, alfajiri ya Aprili 29, 2024, kaunti hiyohiyo ya Nakuru ilipata msiba mwingine katika eneo la Mai Mahiu, ambako makumi ya watu walikufa. Habari za kwanza zilisema bwawa limepasuka. Wizara inayohusika na maji ikaeleza kwamba maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli baada ya kalavati kuzibwa na takataka za mafuriko, kisha yakalivunja. Fundisho lake ni kwamba tuta lolote linalozuia maji ni bwawa siku hiyo, hata kama halikujengwa kwa nia hiyo.

Tanzania nako lilitokea onyo. Novemba 7, 2022, ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, Shinyanga, ulibomoka na tope likafunika mashamba na makazi ya wanavijiji. Hakuna aliyekufa. Bwawa la tope la mgodi si lambo la ng'ombe, lakini ukuta wake wa udongo hufuata kanuni zilezile.

Udongo unavyoshindwa

Tuta la udongo lina adui wawili wakubwa. Uchunguzi wa wahandisi wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, uliochapishwa mwaka 2000, ulikuta kwamba karibu nusu ya matuta makubwa ya udongo yaliyobomoka duniani yalifurikiwa juu, na karibu nusu nyingine yalimomonyoka kwa ndani. Kuporomoka kwa mteremko kulichangia sehemu ndogo tu.

Kufurika juu ndiko rahisi kueleweka. Zege linaweza kupitiwa na maji na likasimama, udongo hauwezi. Maji yakishavuka mgongo wa tuta huanza kuchimba upande wa nje, mfereji mdogo hugeuka kuwa korongo, na korongo hurudi nyuma hadi kufikia maji yaliyohifadhiwa. Hapo pengo hupanuka lenyewe, kwa kuwa kila udongo unaoondoka unaruhusu maji mengi zaidi kupita.

Ujiji ina historia yake ya jambo hili. Verney Lovett Cameron alipofika mwaka 1874 kwenye mlango wa Lukuga, upande wa pili wa ziwa ambako leo kuna mji wa Kalemie nchini Kongo, na Henry Morton Stanley alipofika huko mwaka 1876, mlango huo ulikuwa umezibwa na tope na mimea. Ziwa likawa linapanda. Miaka michache baadaye kizuizi hicho cha asili kilizidiwa, na kufikia mwaka 1879 Edward Hore, mmisionari aliyekuwa na makao Ujiji, aliukuta mto ukienda kwa nguvu. Katika miaka iliyofuata ziwa lilishuka kwa mita zipatazo 10, na ufukwe wa Ujiji ukasogea mbali. Hata ziwa la maji baridi lililo refu kuliko yote duniani liliweza kushikiliwa na kizuizi cha tope, na kizuizi hicho kilipoanza kulika hakikujizuia tena.

Mmomonyoko wa ndani ni wa siri zaidi. Kila tuta la udongo huvuja kidogo, na mvujo wa maji safi usiobadilika si lazima uwe na madhara. Hatari huanza maji yanapotoka na tope, kwa sababu tope hilo ni tuta lenyewe linaloondoka punje kwa punje. Njia ya maji hufanyika kandokando ya bomba la kutolea maji, kwenye mzizi wa mti uliooza, katika kichuguu au shimo la mnyama, au katika tabaka ambalo halikushindiliwa vizuri. Bomba la udongo likishakamilika kutoka ndani hadi nje, lambo linaweza kuisha siku ya jua kali bila tone la mvua.

Daraja lisilotulia

Daraja la hatari haliandikwi mara moja na kufungiwa kabatini. Hubadilika, na mara nyingi hupanda bila mwenye lambo kugusa hata jembe.

Mfano unaotajwa sana ni wa Marekani. Usiku wa kuamkia Novemba 6, 1977, bwawa la Kelly Barnes lilibomoka Toccoa, jimbo la Georgia, baada ya mvua kubwa. Lilikuwa tuta la udongo lililokuzwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, na wakati huo lilikuwa mali ya chuo cha Biblia kilichokuwa chini yake. Umeme uliokuwa ukizalishwa hapo ulikuwa umekoma tangu mwaka 1957, na bwawa likabaki la mapumziko. Hali kadhalika, chini yake palikuwa pamejaa makazi ya wanafunzi na watumishi. Watu 39 walikufa. Rais Jimmy Carter aliamuru wahandisi wa Jeshi wakague mabwawa ya hatari kubwa yasiyo ya Serikali Kuu, na Georgia ikatunga sheria yake ya usalama wa mabwawa mwaka 1978. Leo orodha ya taifa ya nchi hiyo ina mabwawa zaidi ya 90,000, na mengi yake ni ya watu binafsi.

Kinachotokea kinafahamika kwa mtu yeyote anayekaa katika mji unaokua. Lambo huchimbwa juu ya bonde tupu. Miaka 10 baadaye viwanja hupimwa, au hukatwa bila kupimwa. Ardhi ya bondeni huwa nafuu, tambarare na karibu na maji. Hujengwa nyumba moja, kisha kanisa au msikiti, kisha shule, kisha gulio. Siku ya kwanza lambo lilikuwa la hatari ndogo. Siku shule inapofungua milango yake, limekuwa la hatari kubwa, ingawa tuta ni lilelile na njia ya maji ya ziada ni ileile iliyotengenezwa kwa ajili ya bonde tupu.

Malambo yaliyofuatana katika bonde moja nayo huongezeana hatari. La juu likibomoka, hulibebesha la chini mzigo ambalo halikujengewa. Ndivyo ilivyokuwa Derna, Libya, Septemba 2023, ambako mabwawa mawili yalibomoka kwa kufuatana na maelfu ya watu wakafa. Kwa sababu hiyo lambo dogo lililo juu ya jingine hupewa daraja kwa kuhesabu pia madhara ya lile la chini.

Sheria inasemaje

Tanzania Bara, msingi ni Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009, pamoja na Kanuni za Usalama wa Mabwawa za mwaka 2013. Nchi imegawanywa katika mabonde 9 ya maji, na Kigoma ndiko yaliko makao ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika. Anayetaka kuzuia na kuhifadhi maji ya mto au kijito huanzia hapo kuomba kibali, hata kama kijito kinapita ndani ya shamba lake, kwa kuwa maji ni mali ya umma. Usanifu, ujenzi na ukaguzi wa bwawa unatakiwa uongozwe na mtaalamu aliyeidhinishwa, na wajibu wa usalama wa bwawa ni wa mmiliki.

Mbali na sheria hizo, ipo kanuni ya zamani ya fidia, na chimbuko lake ni bwawa dogo la mtu binafsi. Mwaka 1860, bwawa lililojengwa kwa ajili ya kinu cha mfanyabiashara Rylands huko Lancashire, Uingereza, lilipasuka kupitia mashimo ya migodi ya kale yaliyokuwa chini yake na kuujaza maji mgodi wa jirani, Fletcher. Rylands alikuwa ameajiri mhandisi na makandarasi, na hakuwa na habari ya mashimo hayo. Mwaka 1868 Baraza la Malodi liliamua kwamba alipaswa kulipa. Anayekusanya katika ardhi yake, kwa matumizi yasiyo ya asili, kitu kinachoweza kudhuru kikitoroka, hukiweka kwa dhamana yake mwenyewe.

Sheria za kawaida za Uingereza zilizokuwapo Julai 22, 1920 zilipokelewa nchini kwa kadiri zinavyofaa mazingira, na kanuni hiyo ni miongoni mwa zile zinazofundishwa katika vyuo vya sheria. Mwenye lambo anayejitetea kwamba kazi ilifanywa na fundi hana budi kuikumbuka.

Anachotakiwa kutazama mwenye lambo

Ukaguzi wa kitaalamu hauondoi haja ya jicho la kila wiki, na wakati wa masika jicho la kila siku. Makosa yanayoangusha malambo madogo si mengi, na mengi yake huonekana.

La kwanza ni njia ya maji ya ziada. Hii ndiyo kinga kuu ya tuta la udongo, na ndiyo inayochezewa zaidi. Wafugaji wa samaki huweka wavu wa kuzuia sato wasitoroke, nao wavu hunasa majani na magogo hadi njia ikazibika. Wengine huinua sakafu yake kwa mifuko ya mchanga ili wapate maji zaidi ya kiangazi. Kila sentimeta inayoongezwa hapo huondolewa kwenye kimo kinacholinda mgongo wa tuta, ambacho kwa malambo madogo hakitakiwi kupungua kiasi cha mita 1.

La pili ni mgongo wenyewe. Sehemu iliyobonyea, hata kwa upana wa hatua chache, ndiyo maji yatakapopita kwanza. Njia za ng'ombe na magurudumu ya matrekta hutengeneza mabonde hayo. Ufa unaofuata urefu wa tuta unaweza kuashiria mteremko unaoanza kuteleza. Ufa unaolikata tuta kutoka ndani kwenda nje ni mbaya zaidi, kwa kuwa ni mlango wa maji. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga, na kwa lambo huenda usipate hata wasaa wa kuujenga.

La tatu ni mimea na wanyama. Majani mafupi hulinda udongo. Miti haifai, kwa sababu mizizi yake hupenya tuta, na mti ukianguka kwa upepo hung'oka na sehemu ya tuta. Vichuguu na mashimo ya fuko hufukuliwa na kushindiliwa upya.

La nne ni mguu wa tuta upande wa nje. Paonekanapo unyevu mpya, majani mabichi kiangazi, au chemchemi ndogo, patiwe alama na maji yake yatazamwe katika chupa. Yakiwa meupe na hayaongezeki, yaendelee kufuatiliwa. Yakiwa na tope, au yakiongezeka, hiyo ni dharura.

Katika dharura, hatua ya kwanza ni kuwajulisha watu wa chini wahame, kisha uongozi wa mtaa au kijiji, kamati ya maafa na ofisi ya bonde. Maji hupunguzwa kwa bomba la kutolea au kwa pampu, kwa utaratibu. Kuyashusha ghafla huweza kuporomosha upande wa ndani wa tuta, na kukata tuta kwa jembe ili maji yapungue ni kulibomoa kwa mkono.

Haki ya wa chini kujua

Kwa anayeishi bondeni, maswali ni machache. Je, juu ya bonde hili kuna lambo? Ni la nani, na lina kibali? Limepewa daraja gani, na lilikaguliwa lini? Nani atapiga kengele, na watu wakimbilie upande gani? Njia ya kukimbia kwa kawaida ni fupi. Kupanda ubavuni mwa bonde huokoa, kukimbia mbele ya maji hakuokoi, kwani maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimeta 60 tu huweza kubeba gari.

Maswali hayo yanawahusu pia wapimaji wa viwanja na mabaraza ya madiwani. Kibali cha kujenga shule chini ya lambo ni uamuzi wa kupandisha daraja la lambo hilo, hata kama hakuna aliyeuandika hivyo. Ama shule isogezwe, ama tuta liimarishwe na njia ya maji ipanuliwe, na ijulikane mapema gharama hiyo ni ya nani.

Mwenye lambo ndiye anayevuna faida yake, na hiyo ni haki yake. Hasara ikitokea hushuka kwa wasiovuna chochote, ambao pengine hawajawahi kuliona lambo lenyewe. Kipimo cha daraja la hatari kimewekwa kwa ajili yao. Huwahesabu kabla ya msiba, wakati hesabu hiyo ingali inaweza kuwasaidia.